Jinsi Nilivyoziivisha Zabibu za Mzee Chilongani

Mpaka leo nikiwa napita Gongoni na mtu akapiga chafya karibu yangu, naona ananisema mimi. Nainamisha kichwa, nakanyaga pedeli na kujifanya nina haraka. Aibu yenyewe haijaisha vizuri, ila nimeona bora niieleze mwenyewe, polepole, maana wanaoieleza pale mtaani Ng'ambo wameshaiongezea chumvi (wengine wanasema mgeni alizirai; hakuzirai, alikohoa tu, ingawa alikohoa sana).

Mimi ni fundi baiskeli. Nilimaliza darasa la saba nikashika spana, na hadi leo spana ndiyo inayoniongelea. Mteja akija namsalimia, kisha naangalia tairi, kwa sababu tairi halisubiri nilijibu. Ndivyo nilivyomjua Vero. Alileta baiskeli ya baba yake ina pancha, nikaziba. Siku chache zikapita akaileta tena, tairi lilelile, tundu dogo la pini, nikaziba. Mara ya tatu nikamwambia, nikiwa naliangalia tairi, "Dada, huko kwenu kuna miiba gani?" Akacheka, akasema, "Miiba mingine inashikwa mkononi, Maganga, na wewe huelewi." Nikaelewa jioni, nikiwa peke yangu nafunga kibanda, na tangu hapo sikutulia tena. Nilikuwa naweza kukaza nati ileile mpaka mwenye baiskeli ananiuliza kama nataka kuikata.

Baba yake, Mzee Chilongani, ni Mgogo wa Dodoma aliyeletwa Tabora na kazi ya reli, akastaafu akabaki. Mimi ni Mnyamwezi wa Usinge, kwa hiyo mzee ni mtani wangu, na hakuniachia hata siku moja. "Babu zako walikuwa wanapita kwetu na mizigo kichwani wanaomba maji," alikuwa anasema kila nikimpelekea baiskeli. "Na bila kulipa hawanywi. Sasa wewe umekuja kuomba nini?" Mtani mwingine angemjibu. Mimi nilikuwa nasema, "Shikamoo, baba," yeye anasema, "Marahaba, bubu wangu."

Sasa, uani kwake kuna mzabibu. Aliuleta kutoka Dodoma ukiwa kijiti kimefungwa kwenye gunia bichi, akaupanda, akaujengea kichanja cha miti, na kila aliyefika alionyeshwa. Aliuita Shenini. Alisema ndiyo zabibu ya divai, na marehemu mama yake alikuwa na shamba lake kule, na kijiti kilitoka kwenye shamba hilo. Miaka yote ulikuwa unatoa majani tu, watu wa Gongoni wanamcheka kwamba kapanda kivuli, mpaka msimu ule wa mvua ndipo ukazaa. Vichala vikaning'inia, vimebanana, punje juu ya punje, kijani kama kunde mbichi.

Hapo ndipo msiba ukatokea Dodoma, shangazi yake Vero, na nyumba nzima ikabidi isafiri. Mzee akaniita. Nilifika mikono ina grisi, nikakaa ukingoni mwa kiti.

"Veronika amemwambia mama yake habari zako," akasema, na mimi nikaanza kuangalia kama geti liko wazi. "Mimi sijasema ndiyo, sijasema hapana. Jumamosi ya kurudi nakuja na kaka yangu mkubwa. Kwetu mambo ya binti anaamua kaka mkubwa. Mlete mshenga wako siku hiyo. Na hizi zabibu nataka tuzikute mezani, ndiyo zao langu la kwanza. Ziangalie, fukuza ndege, zikiwa zimeiva zichume Ijumaa. Ila hakuna kuonja. Zao la kwanza anaonja mkubwa."

"Ndiyo, baba."

"Zabibu lakini unazijua?"

Jamani. Mtu angesema tu, "Sizijui, baba, nifundishe," ingechukua muda gani? Lakini Vero alikuwa amesimama mlangoni na trei ya chai, na mama yake nyuma yake, na mimi ilikuwa ni mara ya kwanza kuulizwa swali la kiume ndani ya nyumba ile. Nikasema, "Nazijua."

Na sikudanganya sana, nilivyojiambia. Zabibu nilishaziona. Abiria wa treni wanakuja nazo kwenye mifuko ya nailoni, nyeusi, zinang'aa kama macho ya mbuzi. Kwangu mimi zabibu ilikuwa ndugu wa zambarau: inaanza kijani, inaingia wekundu, ikiwa nyeusi imeiva. Nani angenifikirisha vingine?

Wakaondoka, funguo za geti nikabaki nazo mimi. Nilikuwa nafunga kibanda mapema naenda kukaa chini ya kichanja. Siku za mwanzo nilifurahi. Nilifukuza ndege, nilipalilia, nilifagia hadi mtaa wa nje. Lakini kila nikizitazama, kijani. Nikienda nyumbani nikirudi, kijani. Nilianza kwenda asubuhi kabla ya kazi, na mchana nikiacha baiskeli ya mtu imepinduliwa matairi juu. Zilikuwa zimenona, ganda limekuwa jembamba, upande wa jua zimeingia rangi kama ya asali nyepesi, nikaona hii sasa si kuiva, hii ni homa. Zinapauka! Badala ya kwenda kwenye weusi zinakwenda kwenye unjano, na mvua nayo haikatiki, punje mbili tatu zikaanza kupasuka.

Kisha wakaja nyuki. Wengi. (Nataka mkumbuke hawa nyuki.) Mimi nimezaliwa kwa watu wa mizinga, nyuki nawajua kuliko watu, na bado nilichofikiria ni kwamba wamekuja kuniharibia. Nikawasha majani mabichi nikawafukizia moshi mpaka jirani akauliza ukutani kama nachoma nyumba.

Siku hiyohiyo Vero akapiga simu. Nilimsikia tu anahema, maneno yakanikimbia.

"Zabibu zinaendeleaje?" akauliza.

"Vizuri."

"Zimeshaiva? Baba anauliza."

"Zinaelekea."

"Zinaelekea wapi?"

Angalieni, mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningeuliza, Vero, hivi zinakuwaga na rangi gani? Nikasema, "Salamu kwa wote," nikakata.

Ikafika katikati ya wiki, sili, silali, nimemfungia mteja breki za mbele nyuma. Nikapanda baiskeli nikaenda kwa mjomba Kapela, nje ya mji, upande wa Kwihara. Mjomba ndiye niliyemwomba awe mshenga, kwa sababu yeye anaongea hata kwa ajili ya wasioongea. Tena ni mkulima wa tumbaku, na ukimkuta msimu wa kukausha utamkuta mlangoni kwa bani lake, kile kijumba kirefu cha udongo kinachowashwa moto kwa chini, tumbaku inatundikwa juu kwenye fito. Nikamweleza. Akanisikiliza huku anasukuma gogo motoni.

"Ndizi mbichi tunafanyaje?" akaniuliza.

"Tunavundika."

"Kwa joto. Na tumbaku inaingia humu kijani, inatoka rangi ya dhahabu. Kwa joto. Sasa zabibu ni kitu gani mpaka ishindikane?"

"Mjomba, umewahi kuona zabibu ikivundikwa?"

"Zabibu yenyewe sijawahi kuiona ikiwa mtini," akasema, "lakini bani hili nalijua, halijawahi kuniaibisha."

Nikarudi Gongoni nikavichuma vichala vyote. Vyote! Ningeacha hata nusu, labda leo ningekuwa naeleza habari nyingine. Nilivipanga kwenye ndoo mbili, nikafunika majani, nikafunga kwenye karia, nikaendesha kwa uangalifu kama nimebeba mayai. Mjomba akavitundika mwenyewe, kimoja kimoja, kwenye fito za juu, katikati ya majani ya tumbaku. Mimi nikabaki hapo nasukuma kuni. Kila nikitaka kuchungulia ananiambia, "Toka, unatoa joto."

Alhamisi tukafungua. Naapa nilitaka kuruka. Zilikuwa zimebadilika! Kijani hakuna. Zilikuwa kahawia iliyokolea, nyingine nyeusi kabisa, zimesinyaa kidogo (zimesinyaa sana), nyingine zimepasuka na kudondosha maji yake kwenye tumbaku ya mjomba. Lakini nyeusi! Mjomba akanipiga bega. "Si nilikuambia? Sema wewe kama mwanamume." Nikasema, "Zimeiva." Hatukuonja, wala mimi wala yeye, kwa sababu ya heshima. Zao la kwanza anaonja mkubwa. Ile heshima ndiyo iliyonimaliza.

Kuhusu harufu, nitasema nini? Mimi nilikuwa nimekaa na lile bani nikashinda nalo, pua yangu ilishakufa. Mjomba pua yake ilikufa zamani. Tulichoona ni kwamba hazing'ai kama zile za treni, basi mke wa mjomba akatupa kitambaa na mafuta kidogo ya kupikia, tukakaa watu wazima wawili tunapangusa punje za zabibu. Zikang'aa. Mjomba akazipanga kwenye sinia la maua, akafunika kitambaa cheupe.

Jumamosi uani kwa Mzee Chilongani kulikuwa na watu. Nilidhani itakuwa familia tu, kumbe mzee alishaalika majirani wote waliomcheka kwamba kapanda kivuli. Viti viliazimwa. Mbele kabisa alikaa kaka yake mkubwa, mzee mrefu aliyekauka, baba mkubwa wa Vero, na kwenye kidole gumba chake kulikuwa na ugoro, anavuta kidogo, anafuta machozi, anasikiliza.

Mama Vero alinipokea getini. Nilisema shikamoo nikainama, na nilipoinama nikaona uso wake unakunjamana.

"Maganga," akasema taratibu, "wewe unavuta?"

"Hapana, mama."

"Hiyo shati imevuta yenyewe?"

Vero alikuwa nyuma yake. Alinitazama kwa jicho la nini-hiki, mimi nikatazama viatu. Nilianza kusikia jasho mgongoni, nikataka kukaa, nikasimama, nikahamisha kiti, nikakirudisha, mpaka mjomba akanishika mkono akaniambia kwa kunong'ona nisitembeetembee kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mjomba akasimama, akaanza. Akasalimia, akataniana na Wagogo vizuri sana, akasema zamani tulipita Ugogo tumebeba mizigo ya watu tukanyimwa maji, leo tumerudi na mzigo wetu wenyewe, na hatuombi maji, tunaomba mtu wa kutuchotea. Watu wakapiga makofi. Baba mkubwa akatabasamu. Nikasema moyoni, Maganga, umeoa. Kisha mjomba akasema, "Na ili mjue kijana wetu ni mtunzaji, mlimwachia mzabibu, tazameni alichokitunza." Akanikonyeza. Nikalibeba sinia, nikapiga magoti mbele ya baba mkubwa, nikafunua.

Mzee Chilongani alinyanyuka kidogo kwenye kiti, akakaa tena. Baba mkubwa aliinama akatazama. Akaniangalia. Akaangalia sinia. Akachukua punje moja na kuishika kwa vidole viwili, akaisogeza puani, na hapo mtu yule aliyevuta ugoro maisha yake yote akapiga chafya mpaka kuku wakakimbia.

"Mtani," akaniuliza huku anafuta macho, "hii naitia mdomoni au naitia puani?"

Uani kukalipuka. Mjomba, Mungu amsamehe, akapaza sauti juu ya kicheko: "Onja, mzee! Zimeiva kwa utaalamu, zimepita kwenye bani!"

"Zimepita wapi?" Mzee Chilongani akauliza.

"Kwenye bani la tumbaku. Zilikuwa zinachelewa kuwa nyeusi."

Na baba mkubwa alikuwa ameshaonja. Hapo ndipo alipokohoa. Alikohoa akainuka, akakohoa akashika nguzo ya kichanja, Vero akakimbilia maji, mama Vero akasema, "Yesu wangu," jirani mmoja akasema, "Kivuli chenyewe kilikuwa na afadhali," na mimi nilikuwa bado nimepiga magoti na sinia, kwa sababu hakuna aliyeniambia nisimame.

Kicheko cha watu ningekizoea. Kilichonikata ni Mzee Chilongani. Hakucheka, hakugomba, hata utani wake hakuutoa. Alikwenda chini ya kichanja akatazama juu, kwenye vikonyo vitupu nilivyovikata, akapitisha kiganja kwenye shina kama unavyompapasa mtoto mwenye homa. Ndipo nikakumbuka kijiti kile kilitoka shambani kwa mama yake.

"Hii ni zabibu nyeupe," akasema, akiwa ameupa mgongo umati. "Haiwi nyeusi. Hata ikae mwaka. Uliniambia unazijua."

Watu wakanigeukia, wananisubiri. Mjomba akafungua mdomo. Sijui nguvu niliitoa wapi, nikamshika suruali nikamwambia, "Mjomba, niache." Nikaweka sinia chini.

"Sizijui, baba," nikasema. "Sijawahi kuzijua. Niliona haya kuuliza. Niliziona zinakuwa njano nikadhani zinaumwa. Nyuki wakaja nikawafukuza kwa moshi. Vero akanipigia simu nikashindwa kumwuliza. Nimekuharibia zao la mama yako, na hata ladha yake siijui."

Ilikuwa ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa, na sikuangalia tairi.

Baba mkubwa alikuwa ameshapata pumzi. "Alaa," akasema, "kumbe anaongea."

Basi hapo Vero, ambaye alikuwa amerudi na kikombe cha maji, akasimama kwenye kona ya kichanja kulikobanana majani, akainua uso. "Baba," akaita, "huku kuna nyuki."

Mzee akaenda, akasukuma majani kwa fimbo. Kilikuwepo kichala kimoja, kidogo, juu ya ukuta, ambacho sikukiona siku ile ya ndoo zangu. Nyuki walikuwa wamekizunguka kama kwao. Mzee alikikata kwa kisu akakipuliza, akampa kaka yake aonje kwanza, naye akaonja, akafumba macho, akatikisa kichwa polepole. Kisha mzee akanijia mimi na punje moja.

"Tazama kwanza," akasema. Akaishika kwenye jua. Ilikuwa inapitisha mwanga, mbegu unaziona ndani kama vivuli. "Ikiwa mbichi huoni ndani. Hii rangi uliyoiita ugonjwa ndiyo kuiva kwenyewe. Tafuna, halafu mbegu usiteme, ing'ate."

Nikatafuna. Ganda halikunipinga hata kidogo. Utamu ulikuja mwanzo, nikadhani ni huo tu, halafu nyuma yake ukali wa ndimu ukanikamata pembeni ya ulimi, kisha vyote viwili vikakaa pamoja, na mwisho kabisa nikasikia kitu kama asali ya miombo, sijui kilitoka wapi. Mbegu niliing'ata ikavunjika kwa mlio, ina ladha kama njugu iliyokaangwa.

"Ikivunjika hivyo, imeiva," mzee akasema. "Ikiwa laini na chungu, subiri. Na nyuki wakija, mwite mwenye shamba. Mnyamwezi mzima unafukuza nyuki!"

Nilijua hapo kwamba utani umerudi, nikataka kulia.

Wazee wakajitenga wakaongea Kigogo. Mimi nilikuwa nazunguka nguzo ya kichanja, nazunguka tena, Vero akasema nikiendelea hivyo nitaikaza mpaka ikatike. Wakarudi. Baba mkubwa ndiye aliyesema.

"Zamani Mnyamwezi akipita kwetu alilipa. Na wewe utalipa. Mshenga tumemsikia, hatujamfukuza. Jibu utalipata mzabibu huu ukizaa tena. Utaupogoa wewe, utauchunga wewe, na zikiiva utakuja kuniita wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, siyo kwa mjomba. Ukiniita hazijaiva, rudi Usinge. Ukichelewa zikaoza, rudi Usinge."

"Na hiyo shati," mama Vero akaongeza, "uifue."

Mjomba Kapela mpaka leo hajakubali. Anasema tatizo lilikuwa kuni, hazikuwa kavu. Tumbaku yake iliyodondokewa na maji ya zabibu aliipeleka kuuza hivyohivyo, na anasema mnunuzi alirudi kuulizia kama ipo nyingine (simwamini).

Mimi mzabibu niliupogoa, mzee amesimama nyuma yangu ananitukania babu zangu kila nikikata pasipofaa. Ulichipua, ukachanua vimaua ambavyo ukivipita huvioni, ukafunga punje ndogo kama shanga. Nauliza kila kitu siku hizi. Namuuliza mzee, namuuliza mama, wateja wangu nawauliza mpaka wengine wanasema afadhali nilivyokuwa bubu. Na neno "nazijua" nimeapa halitatoka tena mdomoni mwangu kwa kitu ambacho sijakitia jinoni, hata kama mlangoni amesimama nani na trei ya nini.

Wiki iliyopita niling'ata mbegu, ilikuwa laini, chungu, nikatema. Nikasubiri. Silali vizuri, nakaza nati ovyo, naamka naenda Gongoni kabla ya kufungua kibanda. Punje zimeanza kuona haya upande wa jua, zinaingia ile rangi. Jana jioni nilikuwa nimekaa chini ya kichanja, Vero anapepeta mchele pale uani, nikamsikia nyuki mmoja. Alizunguka kichala, akatua, akatembea juu ya punje bila haraka.

Sikumfukuza. Shingo imenikakamaa kwa kumtazama, na leo asubuhi nimeng'ata mbegu nyingine ikavunjika kwa mlio. Sasa hivi nimekaa mlangoni kwa kibanda, simu iko mkononi, namba ya baba mkubwa naiona, na maneno ninayo.